Ushahidi wa Mlizamu

Ya kwanza haikuwa picha, ilikuwa mashtaka.
Mlizamu wa nyumba namba kumi na tisa
umeachana na ukuta, unamwaga maji mlangoni,
na Urve Tamberg, aliyegawa barua mtaa huu
kwa miaka thelathini na mmoja,
anajua neno lisilo na ushahidi halifiki ofisini.
Akapiga picha. Akaituma manispaa ya Haapsalu.
Kimya.

Kesho yake akapiga nyingine,
na kesho kutwa, mahali pale pale,
mgongo kwenye nguzo ya taa, saa mbili kamili asubuhi,
“waone kuwa hata mimi nina kichwa kigumu.”

Ndivyo ilivyoanza. Si kwa mapenzi.

Oktoba: maji. Oktoba: maji,
na jani la mtofaa limenata kwenye bati kama stempu.
Novemba mwishoni, saa mbili ya asubuhi,
asubuhi yenyewe haijafika;
picha ni weusi mtupu na dirisha moja la njano,
la Heino, anayekaanga mayai huku redio ikifoka.
Desemba mlizamu umeota meno.
Januari meno yamefika usawa wa kifua,
watoto wa Kadri wanayavunja wapigane panga,
yule mdogo analamba upanga wake kwa siri,
na mwisho wa mtaa bahari imegeuka uwanja:
mtu anapita juu yake kwa baiskeli,
mkate umefungwa nyuma.

Tarehe kumi na moja Februari haipo.
Siku hiyo Heino aliteleza kwenye ngazi zake,
na Urve alihitaji mikono yote miwili.

Machi akaja fundi. Kijana. Skrubu nne,
dakika ishirini, akaenda zake.
Urve akapiga mlizamu mzima, akaandika: Asante.
Shauri limekwisha.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kasorobo,
miguu yake ilikuwa imeshavaa viatu.

Akasimama kwenye nguzo kama mtu
aliyefika dukani akasahau alichotumwa.
Apige nini? Bati jipya halina la kusema.
Akapiga hivyo hivyo,
na jioni, akiwa na miwani na chai,
akaona kuwa mlizamu ulikuwa pembeni miezi yote.
Katikati ni mtofaa,
na uzio ambao Heino aliupaka rangi nusu
mwaka ule wa mvua, akaahidi kumalizia,
na paka asiye wa mtu, picha arobaini na tatu,
kila mara akiondoka.

Aprili mtofaa ukavimba vifundo.
Mei ukapasuka mweupe, ukachafua barabara nzima,
na Heino akahamia Pärnu, kwa binti yake.
Urve ndiye aliyefunga masanduku,
sufuria ndani ya magazeti, redio ndani ya koti.
“Utanitumia picha?”
“Za nini? Unaujua mtaa.”
Akazituma, lakini.

Kiangazi hakikusema kitu.
Juni usiku umekatwa mfupi kama suruali ya mtoto,
saa mbili mwanga umejaa mpaka pomoni,
na dirisha lenye mtu na dirisha lisilo na mtu
ni mapacha.
Julai, watalii. Agosti, tofaa chini, nyigu juu yake.
Ukizitazama picha hizo moja moja
utaapa Heino yumo ndani, anatafuta chumvi.

Ilibidi giza lirudi.

Novemba mwishoni, saa mbili kamili,
mgongo kwenye nguzo, vidole vimekufa ganzi,
Urve akainua simu mbele ya mtaa
ambao haukuwa na njano popote.

Kadri akapita, anawavuta watoto kwenda shule,
yule mdogo ameota meno mapya mawili.
“Shangazi Urve, unapiga nini kwenye giza hili?”

“Mlizamu,” akasema,
na akangoja kidogo kabla ya kubonyeza.